Uliza Benchi la Raga: shingo, nyonga na mkataba wa mchezaji wa mbele

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wachezaji wa mbele, wale wanaovaa jezi namba 1 hadi 8 (propu 1 na 3 na huka 2 ndio mstari wa mbele, loki 4 na 5 nyuma yao, flanka 6 na 7 ubavuni, na namba 8 mwisho), na kwa wazazi wao. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali. La skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungana na kusukumana kugombea mpira, na la wakala tumeyapa nafasi kubwa, kwa kuwa hapo ndipo vijana wa Pwani wanapoumia, mmoja mwilini na mwingine mfukoni.

Kocha ataka kunitoa flanka anifanye propu

*Mhariri, salaam. Nina miaka 20, urefu mita 1.79, uzito kilo 99. Tangu shuleni nacheza flanka, na kwenye mashindano ya saba kila upande hakuna mtu wa kuniweka benchi. Sasa kocha anataka nivae namba 1. Wenzangu wananicheka, eti nimekwenda kubeba magunia. Nikubali?*
*– Msomaji, Kisauni*

Alaiki salaam. Kubali, ndugu yetu, wala usijione umeshushwa. Sisi wa Pwani tumelelewa na raga ya saba kila upande. Watu hufurika Mombasa Sports Club kila Driftwood Sevens inapochezwa, na kijana akitoka pale huwa ameshaamini kwamba raga ni mbio. Lakini kwenye saba skramu ina watu 3 kila upande na kipindi ni dakika 7. Kwenye 15 skramu ina watu 8, kipindi ni dakika 40, na mstari wa mbele ukizidiwa, hao wenye mbio hawapati mpira wa kukimbia nao.

Tazama pia soko lilivyo. Kikosi cha mechi kubwa kina wachezaji 23, na kati yao lazima wawemo 6 waliofunzwa mstari wa mbele: propu wa kushoto, huka, propu wa kulia, na mbadala wa kila mmoja wao. Wakikosekana, refa huamuru skramu zichezwe bila kusukumana, na kanuni za mashindano mengi huipunguzia mchezaji timu iliyosababisha. Klabu inaweza kumaliza msimu kwa kubahatisha winga. Bila propu haiwezi. Ndiyo maana propu mzuri hutafutwa hata akiwa na miaka 30.

Na hutakuwa wa kwanza kuhamishwa. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe, alifika Durban akicheza nyuma ya skramu, na ni klabu ya Sharks iliyomgeuza propu wa kushoto. Aliichezea Afrika Kusini mechi 117 za kimataifa na kustaafu akiwa bingwa wa dunia wa 2019.

Sasa masharti. Kilo zako zinatosha kuanzia hapa nyumbani, ila propu wa ligi kubwa za nje wengi wao wako kati ya kilo 110 na 125. Usiziparamie. Ongeza robo hadi nusu kilo kwa wiki, si zaidi, na kila mwezi jipime mbio za mita 10 na mita 40. Uzito ukipanda na muda ukibaki pale pale, unajenga misuli. Muda ukianza kuharibika, unajenga kitambi. Omba uanzie namba 1 badala ya 3, kwa sababu wa kushoto ana bega moja la nje lililo huru, hali wa kulia amebanwa na vichwa viwili, cha propu wa wapinzani na cha huka wao. Na kabla ya skramu kamili ya kusukumana, jipe wiki 8 za kujenga shingo. Mazoezi yake yamo katika jibu linalofuata.

Skramu yetu huanguka upande wangu kila mara

*Nacheza propu wa kulia, namba 3. Mechi tatu mfululizo refa ameniadhibu kwa kuangusha skramu, nami naapa sikuangusha kwa makusudi. Nina nguvu kuliko wengi ninaokutana nao. Kasoro iko wapi?*
*– Msomaji, Changamwe*

Mchezaji mwenye nguvu huanguka kwa sababu ya miguu, nyonga au mshiko, na mara nyingi kwa mpangilio huo huo. Twende hatua kwa hatua, ukiwa na mtu wa kukupiga video ya simu kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa kiuno chako.

Refa akitoa amri ya kwanza, ya kuinama, miguu yako iwe na upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikitazama mbele, njumu zote zikiwa zimeuma udongo. Inama kutoka kwenye nyonga, si kiunoni. Mgongo uwe bapa kama meza, kifua kikiwa mbele, kidevu kimeachana na kifua, macho yakitazama kwa juu. Kanuni inataka kichwa na mabega yasiwe chini ya nyonga. Sikio lako liwe karibu kugusana na sikio la mpinzani. Mkianzia mbali mtagongana kwa kasi badala ya kufungana, na hapo nusu ya skramu imeshaharibika.

Amri ya pili ni ya kushikana. Wewe namba 3 unapitisha mkono wa kulia nje ya mkono wa juu wa kushoto wa mpinzani, unashika jezi yake mgongoni au ubavuni. Usishike mkono, mkono wa jezi, kola wala kifua. Hapa ndipo tunaposhuku kosa lako lilipo. Propu wengi wenye nguvu hushika karibu, kwenye bega au mkono, kwa kuwa jezi za siku hizi hubana na hazishikiki. Mshiko mfupi huelekeza kiwiko chini, kiwiko kikishuka bega hufuata, na bega likishuka refa ameshapuliza. Nyoosha mkono, shika mbali, na kiwiko kiwe juu usawa wa bega hadi mpira utoke. Marefa wengi hukitazama kiwiko hicho kabla ya kitu kingine.

Kwa amri ya tatu mnaungana, kisha mnatulia. Hakuna kusukuma hadi mpira uingie. Magoti yako yawe na pembe inayozidi kidogo pembe mraba, yaani bado una safari ya kunyoosha mguu. Ukiwa umeshaunyoosha kabla mpira haujaingia, umebaki bila kitu cha kusukumia, na mpinzani akirudi nyuma nusu hatua unadondokea uso. Angalia video: kama visigino vyako viko mbali nyuma ya nyonga tangu mwanzo, jibu lako ni hilo, na dawa yake ni kusogeza miguu mbele kwa urefu wa kiganja.

Usijilaumu peke yako kabla hujawatazama walio nyuma yako. Loki namba 5 anapaswa kuweka bega chini ya tako lako na kusukuma sawa na uti wa mgongo wako. Akipanda juu anakusukumia kifua chini. Flanka wa upande wako kazi yake ni kuizuia nyonga yako isitoke nje. Akisimama kinyonge, akiwa tayari kukimbilia mpira, nyonga yako itafunguka, nawe utaonekana unaingia kwa mshazari kumkata huka wao, ambalo nalo ni kosa. Mara nyingi propu huadhibiwa kwa uvivu wa flanka.

Mazoezi yapande ngazi: mmoja kwa mmoja mkiwa mmepiga magoti, mmoja kwa mmoja mmesimama, watatu kwa watatu, watano kwa watano, halafu wanane. Kila ngazi mpate skramu 10 safi mfululizo kabla ya kupanda, na wanaokutana wawe na uzito unaokaribiana. Mashine ya skramu si lazima. Mkokoteni wa kukodi, uliopakiwa mifuko ya mchanga na kufungwa mto wa sponji mbele, unafaa: sukuma mita 5 kwa hatua fupi, mgongo bapa, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara 8. Fanyia kwenye udongo au nyasi. Mchanga mkavu wa ufuoni ni mzuri kwa pumzi, lakini kwa skramu hukimbia chini ya mguu na kukufundisha kujinyoosha mapema, kosa lile lile tunalotaka kulitoa.

Shingo: siku 3 kwa wiki, weka kiganja kwenye paji la uso, kisukume kwa kichwa bila kichwa kusogea, hesabu sekunde 10, mara 5. Kisha kisogoni, kulia na kushoto. Wiki mbili za kwanza tumia nusu ya nguvu zako. Zoezi la kusimamia kichwa na kujiviringisha juu yake liacheni, hata kama kocha wa zamani alilipenda, kwa kuwa hukandamiza pingili za shingo bila faida inayozidi hii.

Na skramu ikianza kwenda chini, acheni kusukuma. Usiweke mkono wala kichwa kuizuia ardhi. Baki umeshika, tua kwa kifua, na wa nyuma wapige magoti papo hapo. Anayebanwa shingo apaze sauti, na kila anayemsikia asimame, awe wa timu yoyote.

Mwanangu amegongwa kichwa na anataka kucheza Jumamosi

*Mwanangu ana miaka 17. Jumapili aligongwa na goti kichwani akimkaba mtu, akawa kama amelewa kwa dakika chache, kisha akaendelea kucheza. Sasa anasema ni mzima ila mwanga unamuumiza macho. Kocha amesema akivaa kofia ya sponji hakuna neno. Nifanyeje?*
*– Mama, Likoni*

Shikamoo mama. Asicheze Jumamosi, wala Jumamosi ijayo. Mwanao amepata mtikisiko wa ubongo, na hilo la mwanga kumuumiza ni dalili kwamba haujaisha. Alipoyumba ilibidi atolewe papo hapo asirudi. Kanuni ya raga duniani kote haina utata: ukishuku mtikisiko, mtoe, na siku hiyo amemaliza.

Kofia ya sponji huzuia masikio na ngozi kuchubuka. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na kocha anayeamini hivyo aambiwe.

Mpeleke hospitali leo usiku huu, usingoje asubuhi, ukiona lolote kati ya haya: anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma, analala na kuamka kwa shida, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kufa ganzi, shingo kuuma, au maji yanayotoka puani au sikioni. Yasipokuwepo, bado aonwe na daktari wiki hii. Siku 2 za mwanzo apunguze simu na runinga, atembee kidogo kidogo. Kwa maumivu mpe paracetamol. Aspirini na ibuprofen aziache siku hizo za kwanza.

Kurudi kuna ngazi: masomo na shughuli za kawaida kwanza, kisha mbio nyepesi, kisha mazoezi ya mpira bila kugusana, kisha ya kugusana, kisha mechi. Kila ngazi si chini ya saa 24, na dalili ikirudi anashuka. Kwa mchezaji asiye na jopo la madaktari wa kulipwa, mwongozo wa World Rugby, chama cha raga duniani, ni kwamba asiguse mazoezi ya kugongana kabla ya siku ya 15 wala mechi kabla ya siku ya 21, naye awe hana dalili kwa wiki mbili. Huyu wako hesabu yake haijaanza vizuri, maana dalili bado zipo. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona, kwa umri wake, laweza kumuua. Mama, shikilia hapo hapo, hata akikununia.

Jambo moja zaidi. Akishapona, mtu wa miaka 17 asipangwe mstari wa mbele kwenye mechi ya watu wazima, hata awe na mwili gani. Kwenye raga ya chini ya miaka 19 skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5, na kizuizi hicho kimewekwa kwa ajili ya shingo kama yake.

Saumu, joto na kilo zinazoyeyuka

*Assalaam alaykum. Kila Ramadhani napoteza kilo 4 au 5, na msimu unakuwa umefika mwisho mwisho. Mimi ni loki, kilo 104. Nataka kufunga na nataka kucheza. Kuna njia?*
*– Msomaji, Mji wa Kale*

Waalaykum salaam. Ipo, na wachezaji Waislamu wa ligi kubwa huipita kila mwaka. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia miezi ya joto letu kali, na ligi ya 15 nayo huwa inaendelea, kwa hiyo mpango uanze wiki mbili kabla.

Kilo unazopoteza si zote misuli. Pima uzito kabla na baada ya zoezi moja la jioni ukiwa hujafunga, bila kunywa katikati. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji, na kuirudisha unahitaji lita moja na nusu, kwa sababu nyingine hutoka kwa mkojo. Mtu wa ukubwa wako, katika unyevu wa Mombasa, kupoteza kilo 2 kwa saa moja na nusu si ajabu.

Baada ya maghribi usinywe lita mbili kwa mkupuo. Utajaa tumbo na kukojoa nyingi. Kunywa nusu lita kila saa hadi kulala, na nusu lita hadi robo tatu wakati wa daku, jumla lita 3 au zaidi. Dafu ni zuri kwa potasiamu lakini lina chumvi kidogo, na jasho hutoa chumvi, hivyo futuru na tende na maji, kisha supu au uji uliotiwa chumvi. Protini igawe: mchezaji wa mbele anahitaji gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kama 166 hadi 208 kwa siku. Jodari aliyepikwa gramu 200 hukupa karibu 58. Kuku kiasi hicho hicho, zaidi kidogo ya 50. Mayai 4 ni 24, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage 15. Chapati na wali huongeza zilizobaki. Mbaazi za nazi na mahamri ni tamu na zina nguvu, ila usizihesabu kuwa ndizo protini yako yote. Daku iwe na mayai na maziwa, kwa kuwa ndiyo mlo unaoulinda msuli mchana kutwa.

Vyuma na kugongana vihamishie saa tatu na nusu usiku, baada ya taraweh. Kabla ya maghribi, kuanzia saa kumi na moja na robo, fanya mbinu tu: mwendo wa lainauti (mistari miwili inayogombea mpira unaorushwa kutoka pembeni mwa uwanja), mikono, kutazama video. Punguza idadi ya seti kwa theluthi moja lakini uzito wa chuma ubaki ule ule, kwa maana misuli hukumbuka mzigo kuliko wingi. Ukifanya hivi, kupoteza kilo 1 au 2 kunatosha kuwa hasara yote. Suala la kufungua ukiwa mgonjwa au safarini muulize sheikh wako. Letu ni moja: mchezaji akianza kutetemeka, kuongea ovyo au kuyumba kwenye joto, huyo ni mgonjwa. Mmwagieni maji baridi, barafu na taulo mbichi papo hapo, na gari liitwe huku anapozwa.

Mirusho yangu ya lainauti hupinda upepo ukivuma

*– Huka, Bamburi*

Kaskazi au kusi, upepo wa bahari huusukuma mpira uliorushwa polepole na juu. Shika mpira kidole cha shahada kikiwa karibu na mshono, viwiko vikielekea mbele na si pembeni, mguu mmoja mbele kidogo, na umalize vidole vyote vikielekeza kwa mrukaji. Mpira uzunguke kwa mhimili wake. Mpira wa gramu 410 hadi 460 usiozunguka hugeuka shati angani.

Siku ya upepo mkali acha mrusho wa nyuma. Tumia mrukaji wa mbele au wa kati, urushe bapa na haraka. Wanyanyuaji nao waangaliwe: kanuni inawaruhusu kumshika mrukaji mapema, ila si chini ya bukta kwa nyuma wala chini ya mapaja kwa mbele, na mrukaji anayepanda kwa kuegemea mbele hufanya mrusho ulionyooka uonekane umepinda. Rusha mara 50 kila siku ya mazoezi ukilenga mwamba wa goli kutoka mita 5, 10 na 15, na robo ya hizo urushe ukiwa unahema baada ya mbio, maana kwenye mechi hutarusha ukiwa umepumzika.

Wakala anataka shilingi 150,000 za viza ya Ufaransa

*Nina miaka 23, propu wa kulia, kilo 116. Mtu amenipata mtandaoni, ameona video zangu, anasema klabu ya Ufaransa inanitaka na mkataba ni wa miaka miwili. Anataka 150,000 za viza na usajili kabla ya Ijumaa. Baba yuko tayari kuuza kiwanja.*
*– Msomaji, Mtwapa*

Kiwanja kisiuzwe. Wakala halali hulipwa asilimia ya mkataba ukishatiwa saini, kwa kawaida 5 hadi 10, na mara nyingi klabu ndiyo hulipa. Hadai fedha kabla, wala hakupi Ijumaa. Mwambie akutumie jina la klabu, kisha tafuta namba ya simu ya klabu kwenye ukurasa wao wenyewe, si ile aliyokupa yeye, na uwapigie. Barua pepe iliyotoka kwenye anwani ya bure badala ya anwani ya klabu ni ishara tosha.

Kuna kipimo kingine asichoweza kukighushi kirahisi. Mchezaji hawezi kuhama kutoka chama cha nchi moja kwenda cha nyingine bila kibali cha chama anachotoka. Klabu ya Ufaransa inayokutaka kweli itaomba kibali hicho kwa Kenya Rugby Union. Nenda au wapigie KRU uulize. Kama hakuna aliyewasiliana nao na wewe unaambiwa usafiri mwezi ujao, biashara imekwisha hapo.

Hilo lisikukatishe tamaa, kwa kuwa propu wa kulia wa kilo 116 anatafutwa kweli. Ila ijue njia ilivyo. Klabu za juu za Ufaransa zinabanwa na kanuni zinazotaka wachezaji wengi waliofunzwa katika shule zao za raga tangu ujana, kwa hiyo mgeni wa miaka 23 asiye na jina huingilia madaraja ya chini. Uingereza viza ya kazi ina masharti magumu. Wakenya wengine wamepita Afrika Kusini kwanza: Daniel Adongo, loki na flanka, alicheza kule na New Zealand kabla ya kusajiliwa na Indianapolis Colts ya mpira wa Marekani mwaka 2013. Njia tunayoipendekeza sisi ni kucheza misimu miwili kwenye Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya 15 nchini, kwa klabu kama Kabras Sugar ya Kakamega au KCB ya Nairobi, ambako skramu ni ngumu na mechi hurekodiwa. Kisha tengeneza video ya dakika 4 au 5: skramu 8 zikionyeshwa kuanzia amri ya kwanza hadi mpira kutoka, kukaba, kubeba mpira na kazi ya raki (kugombea mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa), pamoja na mechi 2 nzima zisizokatwa. Kocha wa propu huiamini mechi nzima kuliko vipande vilivyochaguliwa, kwa kuwa anataka kuona skramu ya dakika ya 60.

Mkataba wa kweli ukija, usiusome mshahara kwanza. Soma kipengele cha majeraha: ukiumia goti, wanakulipa kwa wiki ngapi kabla ya kuruhusiwa kukuacha, na upasuaji unalipwa na nani. Kisha bima ya afya, nyumba, tiketi ya kwenda na kurudi, kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi, na nini kinatokea klabu ikishuka daraja au ikifilisika. Hilo la mwisho si la kufikirika. Worcester na Wasps zilianguka mwaka 2022 na London Irish mwaka 2023, zote za ligi kuu ya Uingereza, na wachezaji wakabaki wakitafuta pa kwenda katikati ya mikataba. Viza yako ikiwa imefungwa kwenye klabu moja, kufilisika kwake kwaweza kukurudisha nyumbani. Mpe wakili wa hapa Mombasa asome. Ada yake ni ndogo kuliko ya huyo wakala.

Na ukiulizwa kuhusu kuchezea taifa jingine: kwa njia ya makazi, kanuni inataka miezi 60 ya kusajiliwa huko mfululizo. Wanaokuahidi pasipoti na jezi ya taifa kwa miaka miwili wanakudanganya.

Kwa ufupi

*Sikio limevimba kama mto baada ya skramu. (Tudor)* Hiyo ni damu iliyokusanyika chini ya ngozi. Muone daktari ndani ya siku mbili tatu aitoe na afunge bandeji ya kukandamiza, la sivyo itaganda na sikio kubaki hivyo maisha. Usiitoboe mwenyewe kwa sindano. Baada ya hapo, kofia ya sponji au utepe kila skramu.

*Njumu ndefu za chuma kwa uwanja wetu mgumu? (Mikindani)* Hapana. Mwisho wa kanuni ni milimita 21, lakini kwenye ardhi ya Januari hata hizo hazizami, na uzito wote hubaki kwenye vichwa vya njumu. Vifundo na magoti huumia. Vaa za plastiki fupi zenye meno mengi, na zile ndefu ziweke kwa mvua za Mei.

*Poda ya misuli ya mtaani, bila lebo kamili? (Majengo)* Usiinywe. Kwenye upimaji wa dawa, kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako hata kama hukujua kimeingiaje, na homoni za kujenga misuli zinaweza kukufungia miaka 4. Uliza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kabla ya kumeza. Kreatini iliyopimwa na maabara huru, gramu 3 hadi 5 kwa siku, inaruhusiwa na inafanya kazi. Mayai pia.

*Nina miaka 27, nimeanza raga mwaka jana. Nimechelewa? (Jomvu)* Kwa winga tungesema ndiyo. Kwa propu, hapana: wengi hukomaa kati ya 26 na 32, kwa kuwa skramu hujifunzwa kwa kuicheza mara nyingi. Kupata mkataba wa nje umri huo ni vigumu, lakini nafasi kwenye klabu ya daraja la pili ipo. Fika uwanjani Jumanne na Alhamisi, na umuulize kocha ni nani hapo aliyecheza mstari wa mbele muda mrefu kuliko wote. Simama karibu na huyo.